Charlize Theron: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha na kazi yake

Kila filamu yake mpya ikitoka, maswali hurudi yaleyale: huyu ni Mmarekani au ni wa kwetu Afrika, ni kweli alipatikana kwenye foleni ya benki, na baba yake alikufaje? Nimeyakusanya hapa yanayojirudia zaidi. Mengine yanajibika kwa mstari mmoja, mengine yanahitaji nafasi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Habari zake nyingi huanzia kwenye mitindo kwa kuwa ni mrefu na sura yake inajulikana kwenye matangazo ya manukato dunia nzima. Mitindo ilimpa pasipoti na nauli. Kilichomfanya mwigizaji ni densi, na ukilijua hilo mengi katika kazi yake yanaeleweka.

Alizaliwa wapi?

Benoni, mji ulio mashariki ya Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 7 Agosti 1975. Ni mtoto pekee wa Gerda na Charles Theron, ambao walikuwa na biashara ya ujenzi wa barabara. Familia iliishi kwenye shamba nje ya mji, kukiwa na mifugo na magari ya kazi, na lugha ya nyumbani ilikuwa Kiafrikana (Afrikaans). Jina la ukoo lina asili ya Ufaransa: lilifika Rasi ya Tumaini Jema pamoja na Waprotestanti waliokimbia mateso ya kidini katika karne ya 17.

Utoto wake haukuwa wa msichana mrembo anayesifiwa kila kona. Aliugua akiwa mdogo, dawa zikamharibia meno ya utotoni, na mwenyewe amesimulia kwamba alikaa miaka bila meno ya mbele hadi yale ya ukubwani yalipoota. Kilichomtofautisha na wenzake kilikuwa kucheza. Alianza masomo ya densi ya balei akiwa mdogo sana, na alipofika miaka 13 akapelekwa shule ya bweni ya sanaa mjini Johannesburg ili aisomee kwa dhati.

Baba yake alikufaje?

Swali hili linaulizwa sana, na mara nyingi kwa mzaha usiofaa, kwa hiyo nitalijibu kwa uwazi. Juni 1991, Charlize akiwa na miaka 15, baba yake alirudi nyumbani usiku akiwa amelewa na mwenye bastola. Alikuwa ametishia kuwaua. Mama na binti walikuwa chumbani wakiuzuia mlango kwa miili yao, naye akafyatua risasi kupitia mlango huo. Hakuna iliyowapata. Gerda alichukua bastola yake akajibu, na mumewe akafa. Ilithibitika kuwa alijitetea, hivyo hakushtakiwa.

Kwa miaka ya mwanzo huko Marekani Charlize aliwaambia watu kwamba baba yake alikufa kwa ajali ya gari. Baadaye aliacha kuficha. Mwaka 2019 aliieleza habari hiyo kwa kirefu kwenye mahojiano, akisema haoni aibu nayo, na kwamba kadiri watu wanavyozungumza kuhusu ukatili wa majumbani ndivyo wanaoupitia wanavyojua kuwa hawako peke yao. Naungana naye kabisa. Nyumba nyingi za kwetu zina siri ya namna hii, na wanaoibeba huwa ni watoto.

Aliingiaje kwenye mitindo?

Mwaka huohuo wa 1991 alishinda shindano la wanamitindo, na zawadi ikawa mkataba wa mwaka mmoja Italia. Alikuwa na miaka 16. Mama yake alimsindikiza hadi Milan, na mwaka ukaisha akienda huku na huko barani Ulaya: picha za magazeti, katalogi za nguo, jukwaa la maonyesho inapotokea.

Kuna tangazo moja la pombe ya Martini, la mwaka 1993, ambalo wanaomfuatilia wanalikumbuka. Msichana amekaa mkahawani na mwanamume, anainuka kuondoka kwa hasira, uzi wa gauni lake unanasa kwenye kiti, na kila hatua anayopiga gauni linazidi kufumuka. Ni la sekunde chache tu. Litazame ukiwa unajua kwamba huyo ni mchezaji densi: mgongo umenyooka, hatua hazibadiliki, hageuki. Hapo unamuona mwigizaji kabla hajaambiwa kuwa ni mwigizaji.

Kwa nini hakuendelea na mitindo?

Kwa sababu hakuwa amekwenda huko kutafuta mitindo. Mkataba ulipoisha alihamia New York akajiunga na shule ya balei ya Joffrey. Mitindo ilikuwa ya kulipia kodi. Kisha goti likaumia, na jeraha la aina hiyo kwa mchezaji balei ni hukumu. Akiwa na miaka 18 au 19 hivi, ile kazi aliyoifanyia mazoezi tangu utotoni ikawa imekwisha.

Alilala kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, kwa rafiki, katika majira ya baridi. Mama yake alisafiri kwenda kumwona, akamwambia achague: atafute jambo jingine la kufanya, au arudi Afrika Kusini. Akamkatia tiketi ya kwenda tu, Los Angeles, mwaka 1994. Gerda ndiye shujaa wa kila sura ya habari hii, na nashangaa jinsi anavyotajwa kwa nadra.

Ile hadithi ya benki ni kweli, au ni ya kunogesha?

Ni kweli, na Charlize ameirudia mara nyingi. Alikuwa na hundi, malipo ya kazi ya mitindo aliyoifanya New York, akaenda nayo kwenye tawi la benki pale Hollywood Boulevard. Keshia akakataa kuilipa kwa sababu ilitoka jimbo jingine. Kwa mtu ambaye hiyo ndiyo kodi yake ya nyumba, jibu hilo halivumiliki. Akapandisha sauti, akabishana, akaomba, benki nzima ikawa inamtazama. Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo John Crosby, wakala wa waigizaji, ambaye alimsaidia na kumpa kadi yake.

Sehemu ambayo watu huiruka ndiyo ninayoipenda zaidi: baada ya miezi michache alimwacha wakala huyo. Kazi alizokuwa akiletewa zilikuwa za kuonyesha mwili tu. Msichana asiye na jina, asiye na akiba, katika mji aliouhamia juzi, anamwambia hapana mtu pekee aliyemfungulia mlango. Wangapi wetu wangethubutu?

Alijifunzaje Kiingereza cha Kimarekani?

Kwa kutazama televisheni, hasa tamthilia za mchana, na kuigiza walivyokuwa wakitamka. Alifika Marekani akiwa na lafudhi nzito ya Kiafrikana, na aliambiwa wazi kwamba nayo hatapata kazi.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa ipi?

*Children of the Corn III* ya mwaka 1995, filamu ya kutisha ambamo hasemi neno na anakufa. Iliyomtambulisha ni *2 Days in the Valley* ya 1996. Bango lake likawekwa juu ya barabara ya Sunset Boulevard akiwa amevaa mavazi ya ndani, na kila aliyelitazama akadhani amemjua. Zikaanza kumiminika nafasi za aina hiyohiyo, naye akazikataa.

Je, uzuri wake ulimsaidia au ulimzuia?

Vyote viwili, na hapa ndipo penye kiini cha kazi yake yote.

Uzuri ulimwingiza chumbani. Ulimpa mkataba, ulimpa bango, na kuanzia 2004 hadi 2024 ulimpa kazi ya kuwa sura ya manukato ya J'adore ya Dior, kazi ambayo waigizaji wengi wangeitamani kwa utulivu wa kipato chake tu. Ila ndani ya chumba hicho ulimwekea ukuta. Waongozaji walimwona na kuamua papo hapo kwamba huyu ni mke wa mtu, mpenzi wa mtu, au msichana wa kupita nyuma ya shujaa. Ukitaka kucheza fukara, mgonjwa au mfanyakazi wa mgodini, unaambiwa hakuna atakayeamini.

Alichofanya ni kuuchimba ukuta polepole. Katika *The Devil's Advocate* ya 1997, akicheza na Keanu Reeves na Al Pacino, alichukua nafasi ya mke anayerukwa na akili. Ilimlazimu kurudi kwenye usaili mara kadhaa kabla ya kukubaliwa. Mwanzoni mwa filamu ni mke kijana anayeng'aa. Kuelekea mwisho ni mtu aliyejikunyata, macho hayatulii, ngozi imekosa damu. Pacino anaunguruma kama kawaida yake, lakini anayekubaki kichwani ni huyo mke. Kisha zikaja *Mighty Joe Young* (1998) na *The Cider House Rules* (1999), kazi safi ambazo hazikumwomba afike mbali kiasi hicho.

Alifanya nini hasa katika *Monster*?

Filamu hii ya 2003 inamhusu Aileen Wuornos, mwanamke aliyekuwa akijiuza kando ya barabara kuu za Florida na kuwaua wanaume saba kati ya 1989 na 1990. Aliuawa kwa hukumu ya sindano ya sumu tarehe 9 Oktoba 2002. Mwongozaji alikuwa Patty Jenkins, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Charlize hakuwa mwigizaji tu. Alikuwa pia mmoja wa watayarishaji, maana yake alibeba hatari ya kifedha na ya jina.

Watu wanapoizungumzia hutaja mwili. Ni kweli, aliongeza takriban kilo 14. Nyusi zilipunguzwa hadi zikawa karibu hazionekani, nywele zikachosheka kwa dawa, macho yakafunikwa kwa lenzi za kahawia, na ngozi ikapakwa tabaka juu ya tabaka na msanii wa vipodozi Toni G ili ionekane imechomwa na jua la miaka mingi. Meno ya bandia yalibadilisha namna taya lilivyokaa, na taya likibadilika hata matamshi hubadilika.

Hata hivyo, vipodozi anaweza kupakwa yeyote. Tafuta kipande ambacho Aileen ameamua kuacha ukahaba, amevaa nadhifu kadiri alivyoweza, anakwenda kuomba kazi ya ukarani kwenye ofisi ya wakili. Hana elimu wala uzoefu, na yule bwana anamdhalilisha. Tazama kidevu. Anakiinua juu, kichwa kinarudi nyuma, mabega yanapanuka kama ya mtu aliyezoea kuwatisha watu ili wasimguse. Macho nayo yanamwomba huyohuyo anayemtukana asimfukuze. Mwili unasema jambo moja, uso unasema jingine, kwa wakati mmoja. Hicho hakitoki kwenye kopo la rangi. Ni kazi ya mtu aliyetumia miaka mbele ya kioo cha ukumbi wa mazoezi akijifunza kutenganisha bega na shingo.

Waliotoa fedha waliingiwa na wasiwasi, kwa sababu walitarajia sura waliyoilipia. Filamu ilipotoka, mhakiki Roger Ebert aliuweka uigizaji huo miongoni mwa bora kabisa katika historia ya sinema. Charlize akapata Dubu wa Fedha wa tamasha la Berlin, Golden Globe, na kisha Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Sherehe ya Oscar ilifanyika tarehe 29 Februari 2004. Aileen Wuornos alizaliwa tarehe 29 Februari.

Kwa hiyo yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji?

Ni Mwafrika Kusini wa kwanza kuipata. Baada ya ushindi alirudi nyumbani akapokewa kitaifa, na alipokutana na Nelson Mandela alibubujikwa machozi mbele ya kamera. Miaka 10 baadaye, 2014, Lupita Nyong'o akaipa Kenya furaha kama hiyo, yeye kwa nafasi ya mwigizaji msaidizi.

Wapo wanaouliza kama Mzungu wa Benoni anahesabiwa Mwafrika. Alizaliwa na kukulia humo, chini ya ubaguzi wa rangi uliompendelea yeye na kuwaumiza majirani zake, na hilo halikwepi anapozungumza. Uraia wa Marekani aliuchukua mwaka 2007 bila kuuacha wa Afrika Kusini. Mimi namhesabu.

Kwa nini alinyoa kipara kwa ajili ya *Mad Max: Fury Road*?

Lilikuwa wazo lake. Alimshawishi mwongozaji George Miller kwamba Furiosa, dereva wa lori la vita katika jangwa lisilo na maji, hana muda wala sababu ya kuchana nywele. Sehemu kubwa ilipigwa Namibia mwaka 2012, miezi kwa miezi, vumbi na baridi ya asubuhi, ndani ya magari yanayokimbia kweli. Haikuwa kambi yenye amani: yeye na mwigizaji mwenzake Tom Hardy walikuwa na msuguano ambao wote wawili wamekuja kuukiri.

Filamu ilitoka 2015 ikapata Oscar sita, zote za kiufundi. Yeye hakuteuliwa hata kuwania, na hadi leo naona alinyimwa haki yake. Kuna wakati Furiosa anaambiwa kwamba mahali alipozaliwa, pale alipokuwa akiwapeleka wenzake, pameshakufa. Hasemi kitu. Anatembea kuelekea mchangani, anauvua mkono wake wa chuma, anapiga magoti na kupiga ukelele unaomezwa na upepo. Kipande hicho kimeundwa kama densi, na aliyekicheza ni mchezaji densi.

Amewahi kuumia kazini?

Mara nyingi, na vibaya. Wakati wa kupiga *Æon Flux* huko Berlin aliangukia shingo, kazi ikasimama kwa wiki kadhaa, na maumivu yakamfuata kwa miaka. Akijiandaa kwa *Atomic Blonde* ya 2017 aliuma meno kwa nguvu kiasi cha kuyavunja. Kwa *Tully* ya 2018, akicheza mama aliyechoka na mtoto mchanga, aliongeza zaidi ya kilo 20, na kuzipunguza kukamchukua zaidi ya mwaka. Amesema wazi kwamba baada ya miaka 40 mwili haurudi kama ulivyorudi baada ya *Monster*. Waigizaji chipukizi wanaotaka kumuiga walisikie hilo pia.

Ni kweli alidai alipwe sawa na mwanamume?

Ndiyo. Mwishoni mwa 2014 barua pepe za kampuni ya Sony zilivuja na kuanika jinsi waigizaji wa kike walivyolipwa kidogo. Charlize, ambaye wakati huo alikuwa akijadiliana kuhusu *The Huntsman: Winter's War*, akataka kiasi sawa na mwigizaji mwenzake Chris Hemsworth. Akakubaliwa. Alisema baadaye kwamba hawakubishana naye. Maana yake ni kwamba fedha zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuzidai.

Bado anazungumza Kiafrikana?

Anazungumza, hasa na mama yake. Mwaka 2022 alisema kwenye mahojiano kwamba ni lugha inayokufa, iliyobakiwa na watu kama 44 tu. Alikuwa anatania, lakini nyumbani hawakucheka. Kiafrikana ni lugha ya tatu kwa kuzungumzwa majumbani Afrika Kusini, ina mamilioni ya wasemaji, na wengi wao si Wazungu. Waliokasirika walikuwa na haki. Mzaha juu ya lugha ya mama, ukiutoa mbele ya wageni, nyumbani unasikika vingine kabisa.

Ana mume? Ana watoto?

Hajawahi kuolewa. Amewalea mabinti wawili kama mama pekee, akisaidiwa na mama yake. Wote aliwaasili. Zaidi ya hapo ni mambo ya watoto wenyewe.

Amefanya nini kwa ajili ya Afrika?

Mwaka 2007 alianzisha shirika la Charlize Theron Africa Outreach Project, linalofadhili asasi za wenyeji kusini mwa Afrika ambazo tayari zinafanya kazi na vijana, hasa kuwakinga na virusi vya Ukimwi. Naupenda utaratibu huo: hakwenda kujenga jengo lenye jina lake kijijini, aliwatafuta waliokuwa wameshaanza. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa ukamteua kuwa Mjumbe wa Amani, na 2016 alihutubia ufunguzi wa mkutano wa kimataifa wa Ukimwi mjini Durban. Huko alisema waziwazi kwamba ugonjwa huu hauenezwi na ngono peke yake. Unaenezwa na ubaguzi wa kijinsia, wa rangi, na umaskini.

Kabla ya hayo yote, mwaka 1999, alitokea kwenye tangazo la televisheni ya Afrika Kusini akiwaambia wanaume ukweli kuhusu ubakaji. Likasimamishwa kwa muda baada ya baadhi ya wanaume kulalamika kwamba linawabagua. Hakuwa na Oscar wala ulinzi wa jina kubwa wakati huo.

Sijawahi kumtazama. Nianze na filamu gani?

Wengi watakuambia *Monster*. Ni nzito, na ukiitazama kwanza utamkodolea macho kutafuta alipojificha badala ya kumfuata Aileen. Anza na *Fury Road*, kwa skrini kubwa kadiri utakavyoipata na sauti juu. Kisha *North Country* ya 2005, ambamo ni mama anayefanya kazi kwenye mgodi wa chuma Minnesota na kuwashtaki waliomnyanyasa. Iliteuliwa kwenye Oscar na inazungumzwa kidogo mno. *Young Adult* ya 2011 ifuate kwa sababu ndani yake ni mtu asiyependeka na hakuombi umpende. *Bombshell* ya 2019 unaweza kuiacha hadi siku ya mapumziko. *Monster* iweke ya mwisho, jioni ambayo hulazimiki kuzungumza na mtu baadaye.